Mipira Sitini

Katikati ya Mei mwaka wa 1972 Kulthumu alimfundisha mkwe wake kuzungusha mashine, na somo zima halikuzidi muda wa kupika uji. Mashine ilisimama juu ya magurudumu mawili nyuma ya mstari wa mwisho wa kiwanja cha tenisi, kule nyuma ya kiwanda cha mawese, Rumonge. Juu ilikuwa na mfereji wa mbao wa kupangia mipira, ubavuni mpini wa chuma. Ukizungusha mpini, springi inavutika, mpira mmoja unaanguka kwenye kikombe, kisha mkono wa mashine unaurusha ng'ambo ya wavu. Meneja wa Kibelgiji aliileta mwaka wa uhuru, wenzake walipoanza kurudi kwao na yeye akakosa mtu wa kucheza naye. Sasa meneja naye alikuwa amekimbilia Bujumbura. Aliyecheza ni Luteni, mkubwa wa askari walioushika mji.

"Usiharakishe," Kulthumu alimwambia mkwe wake. "Hesabu mpaka tatu, ndiyo uzungushe tena. Akikosa mpira, usicheke. Akiupata, usicheke vile vile."

Alisema akiangalia pembeni, kwa sababu mkwe alikuwa amevaa kaptura. Kwa miaka minne ya ndoa yake na Batuli, Hyacinthe hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake wala kukanyaga mkeka wake. Wakikutana kwenye njia nyembamba, aliingia majanini mpaka mama apite. Leo alikuwa peku, kichwa kimenyolewa kwa wembe, shati halina vifungo, mapaja nje. Kulthumu ndiye aliyeitafuta kaptura hiyo. Aliichagua mbovu kuliko zote.

Hyacinthe alikuwa Mhutu, mwalimu wa darasa la tano. Alipomwoa Batuli alisilimu, akapewa jina la Abasi, lakini kwenye karti yake ya kitambulisho na kwenye daftari la mishahara aliendelea kuwa Hyacinthe. Mwisho wa Aprili waasi wa Kihutu wenye mapanga waliingia mjini, wakawaua Watutsi waliowakuta, wakubwa kwa wadogo. Kisha jeshi likaishika barabara yote ya ziwa, likaanza kuwachukua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi. Waliitwa kwa orodha. Wengi walipanda lori wenyewe, kwa kuwa waliambiwa kuna maswali machache. Hakuna aliyerudi kueleza maswali yalikuwa yapi. Siku orodha iliposomwa shuleni, Hyacinthe alikuwa kitandani kwa malaria, na hiyo ndiyo sababu pekee ya yeye kuwa hai.

Wazo la kiwanja lilikuwa la Kulthumu. Mume wake, Radjabu, alikitunza kiwanja hicho kwa miaka kumi na tano, na tangu Luteni aje yeye ndiye aliyezungusha mashine. Angesema bega limeuma, amlete Hyacinthe kama mtoto wake.

"Wanatafuta uvunguni na kwenye migomba," Kulthumu alisema. "Kwenye kiwanja cha mukubwa wao hawatatafuta."

Luteni alifika saa moja kamili asubuhi, mweupe kuanzia viatu hadi kola. Nguo zile alizifua Kulthumu na kuzitia wanga wa muhogo, jozi mbili, moja kwenye kamba na moja mwilini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba au nane. Tenisi alijifunza Ubelgiji, kwenye shule ya maofisa. Akamtazama Hyacinthe, akauliza huyu nani.

Radjabu akajibu kama walivyopatana. Ni mtoto wake wa pili, Abasi, amemleta kwa sababu bega lake mwenyewe limekataa kazi. Karti yake? Iliungua. Mwezi ule nyumba kadhaa upande wa soko ziliungua, kwa hiyo jibu halikuwa gumu kuliamini, na Luteni hakuwa na haja ya kulipima. Alikuwa ameshasogea karibu na wavu.

"Anajua kuhesabu?"

"Kidogo, Afande. Mpaka mia."

Hyacinthe, ambaye mwezi uliopita alikuwa anafundisha desimali, aliangalia vidole vya miguu yake.

Luteni alitaka kitu kimoja tu: vole, yaani kuupiga mpira hewani kabla haujagusa chini. Mwezi wa nane maofisa wangeshindana Bujumbura, na kulikuwa na kapteni mmoja aliyemshinda kila mwaka kwa kumvuta hadi kwenye wavu na kumwaibisha hapo. Basi kila asubuhi alisimama hatua mbili kutoka wavuni, magoti yamekunjwa kidogo, na mashine ikamtumia mipira sitini. Mkono hakuuvuta nyuma. Aliiweka raketi mbele ya mpira kama mtu anayeziba mlango, na mpira ukarudi mfupi, ukafia ng'ambo. Au ukaenda kwenye uzio wa waya, akatukana kwa Kifaransa, na Hyacinthe akajitia hakusikia.

"Ngapi?"

"Arobaini na moja, Afande."

"Umehesabu na ule uliogusa wavu?"

"Hapana, Afande."

"Vizuri."

Kulthumu na Radjabu waliokota mipira na kuirudisha kwenye mfereji. Waliiokotea kwenye vikapu viwili ambavyo nyumbani vilibeba ndagala, vidagaa vya ziwa. Siku ya tatu Luteni alinusa mpira mmoja, akawauliza kama wanataka kumfanya anuke soko. Kulthumu akaomba radhi, akavisugua vikapu kwa mchanga na majivu. Siku iliyofuata Luteni alinusa tena. Hakusema kitu, akaufuta mpira kwenye bega la Radjabu, akaendelea.

Baada ya wiki moja Luteni alimwambia Radjabu kwamba kijana huyu ni bora kuliko baba yake, kwa sababu haongezi hesabu ili kumfurahisha mtu. Nyumbani walilipokea neno hilo kama zawadi. Kulthumu alilirudia mara mbili wakati wa chakula.

*

Ijumaa baada ya swala Asmani alikuja kutoka Kigwena na ndagala kilo mbili zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa mdogo wake Kulthumu, mvuvi, mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikaa kwanza. Kisha akasema kuna mtumbwi unaoondoka Jumapili alfajiri kwenda upande wa Kigoma. Amemwekea mkwe nafasi.

"Nafasi iko moja tu, dada. Baada ya hapo haitakuwako."

"Wiki iliyopita mitumbwi miwili ilipigwa risasi. Ni weye uliniambia."

"Na mitano ilifika."

Kulthumu aliendelea kuchambua ndagala, vichwa huku, mchanga kule. Batuli alikuwa amesimama mlangoni, mimba ya miezi mitano, mkono kiunoni. Hakuulizwa, lakini alisema anataka mume wake aende. Alisema mara moja, kwa sauti ya kawaida.

"Hapa mukubwa anamuona kila asubuhi na hakuna anayemuuliza kitu," mama yake akajibu. "Nimutoe hapo, nikamuweke kwenye maji?"

Asmani akacheka kidogo. "Basi maisha ya mukwe wako iko kwenye mupini wa ile mashine."

"Mashine haina orodha."

Wakamwuliza Hyacinthe mwenyewe. Alikuwa nyuma ya pazia la chumba, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akajibu kutoka huko huko kwamba atafanya kama mama atakavyoona. Kulthumu aliridhika na jibu hilo. Lilikuwa jibu la mkwe mwenye adabu, na hakulisikiliza zaidi ya hapo. Asmani akaondoka, mtumbwi ukaenda na mtu mwingine. Baadaye ilisikika kwamba ulifika. Batuli hakuzungumza na mama yake kwa siku mbili. Siku ya tatu akamwomba chumvi, maisha yakaendelea.

*

Juni ilipoanza, mashine ilianza kulia. Kila mpini ulipozunguka, chuma kililia kama mlango mbovu, na Luteni akasema sauti ile inamharibia macho. Hakueleza sauti inaharibu macho namna gani. Alisema tu wairekebishe.

Meneja wa Kibelgiji alikuwa na kikopo kidogo cha mafuta mepesi, chenye mdomo mrefu, kwa kazi hiyo. Kikopo kilikuwa stoo. Stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo uko Bujumbura mfukoni mwa meneja. Maduka yaliyouza mafuta ya namna ile yalikuwa yamefungwa, wenyewe hawapo. Radjabu akasema wangoje, pengine atampata fundi wa kiwanda.

"Tungoje nini? Iko inalia mbele yake."

Rumonge hakuna aliyenunua mafuta mengine. Bawaba za milango, cherehani, mnyororo wa baiskeli, nywele za watoto, vidonda vya mbuzi, vyote vilipata mawese. Alasiri ile Kulthumu alichukua chupa jikoni, akaenda na mumewe kiwanjani jua likiwa kali, wakaimiminia mashine kila palipokuwa na tundu. Mashine ikanyamaza. Mpini ukazunguka kwa kidole kimoja. Radjabu mwenyewe alikubali kwamba haijawahi kuwa laini namna hiyo, hata ilipokuwa mpya.

Kila mwanamke wa pale anajua kwamba asubuhi za Juni mawese huganda, na kabla ya kupika huisogeza chupa karibu na moto. Kulthumu alilijua hilo tangu utotoni. Hakulipeleka kwenye mashine, kwa sababu mashine haikuwa chakula.

Asubuhi upepo wa ziwa ulikuwa baridi. Hyacinthe aliushika mpini, akauona mzito. Akautumia mwili wote. Mipira kumi ya kwanza ilitoka, mingine dhaifu, ikafia kwenye wavu, na Luteni akaanza kubadilika uso. Mpira wa kumi na moja haukutoka. Hyacinthe akavuta. Luteni akaishusha raketi, akaanza kusema kitu, na hapo mashine ikaachia. Mpira ulimpiga kifuani ukiwa na donge la mawese. Ukaanguka, ukaacha alama nyekundu yenye ukubwa wa kiganja kwenye shati jeupe.

Luteni akaiangalia alama. Akaigusa kwa kidole, akanusa kidole.

"Mmetia nini?"

"Mawese, Afande," alisema Radjabu.

"Kwenye mashine."

"Ndiyo, Afande."

Luteni akajaribu mpini kwa mkono wake. Haukwenda. Akasema anakwenda kunywa kahawa, na akimaliza kahawa aikute inazunguka. Nyumba ya meneja, alimokaa sasa, ilikuwa ukingoni mwa kiwanja, na veranda yake ilitazama wavu. Akapanda ngazi, akaketi na shati lake lile lile, asilibadilishe.

Kulthumu alikuwa ameshaelewa. Maji ya moto yangeyayeyusha. Nyumbani kulikuwa na birika juu ya mafiga, Batuli alilichemsha kila asubuhi. Radjabu alikuwa amelala chini ya mashine akikwangua kwa kijiti. Yeye Kulthumu angeweza kwenda mwenyewe, lakini kwa miguu yake ingekuwa nusu saa, na kahawa hainywewi nusu saa.

"Maji ya moto," alimwambia mkwe wake. "Kimbia."

Siku zote Hyacinthe na Radjabu walipita njia ya nyuma, kati ya michikichi, inayoshuka na kupanda na kuteleza. Hyacinthe alikwenda kwa njia hiyo. Kurudi, na birika lililojaa maji yanayochemka mkononi, hakuweza kupanda utelezi ule. Akapita barabarani. Mbele ya soko palikuwa na barieri, gogo juu ya madebe mawili na askari wanne. Walimwona kijana peku na birika, hawakujishughulisha naye. Mmoja wao aliinua gogo.

Kando ya barieri mwanamke mmoja, Pascasie, alikuwa ameketi na mikungu yake ya ndizi. Mtoto wake alikuwa darasa la tano. Alipomwona Hyacinthe akasimama, kama alivyosimama siku zote, akashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto na kuinama kidogo.

"Amahoro, mwalimu," alimsalimu.

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe akaketi tena, akafunika uso kwa kanga. Gogo likarudi chini.

*

Walimleta kiwanjani kwa sababu aliwaambia ni mtu wa Luteni. Sajini wa barieri alikuwa mwangalifu, hakutaka kumchukua mtu wa mkubwa bila kuuliza. Walipita ukingoni mwa kiwanja, Hyacinthe katikati, birika bado mkononi, mvuke unatoka mdomoni mwa birika. Radjabu akatoka chini ya mashine. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, hakujua aiweke wapi.

Sajini akapiga saluti chini ya veranda. "Afande, huyu anasema ni wako."

Luteni aliweka kikombe chini. Alimtazama Hyacinthe kwa muda, hasira imeshaisha usoni, imebaki namna ya uchovu.

"Alikuwa anazungusha mashine," alisema.

"Na sasa, Afande?"

"Sasa haizunguki."

Sajini alingoja. Pengine alingoja neno jingine, ndiyo au hapana, neno ambalo mtu anaweza kulibeba. Luteni alikuwa ameshainamisha kichwa, anaiangalia alama kwenye shati. Akaikwangua kwa ukucha.

"Tumuchukue, Afande?"

Luteni alifanya ishara ndogo kwa mkono, ya mtu anayefukuza nzi. Ilitosha.

Kabla hawajamgeuza, Hyacinthe aliomba kuliweka birika chini. Walimruhusu. Akaenda hatua tatu mpaka alipokuwa Kulthumu, akainama bila kumtazama, akaliweka kwa mikono miwili, mshikio umeelekea upande wa mama.

"Mama, bado ni ya moto," alisema.

Lori lilikuwa barabarani. Kulthumu alilisikia likiwashwa, likakataa, likawashwa tena. Kisha akachukua birika, akamimina. Alimimina kwenye ekseli, kwenye springi, kwenye kiungo cha ule mkono wa mashine, polepole, kama alivyofanya kila kitu alichotaka kitokee sawa. Mawese yakayeyuka, yakadondoka kwenye udongo. Radjabu akaushika mpini. Ukazunguka. Mpira mmoja uliosahaulika kwenye kikombe ukaruka, ukavuka wavu, ukadunda mara nne upande ambao hapakuwa na mtu.

Kulthumu akaenda mpaka chini ya veranda.

"Afande, inazunguka."

"Nimeona."

"Basi umwambie sajini amurudishe."

"Nitauliza," alisema Luteni. Akamalizia kahawa. "Kesho nani atazungusha?"

Radjabu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu la mashine. Kulthumu alimtazama, akaona kwamba lile neno la bega sasa halikuwa uongo tena.

"Mimi," alisema.

*

Alizungusha siku ya pili, na siku zote zilizofuata. Alijifunga kanga kifuani na nyingine kiunoni, akahesabu mpaka tatu, akazungusha. Wiki ya kwanza mikono ilivimba, akaikanda kwa mawese. Mipira ilikuwa imebaki na madoa ya rangi ya chungwa ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Shati alilifua mara saba na kulianika juani. Lilibaki na kivuli cha njano kifuani, na Luteni alilivaa hivyo hivyo kwa mazoezi.

Kila siku, baada ya mpira wa mwisho, aliuliza mara moja. Hakuuliza mara mbili, kwa sababu alijua watu wanaouliza mara mbili wanafukuzwa.

"Na kijana wangu, Afande?"

Bado, alisema Luteni siku ya kwanza. Siku nyingine alisema anafikiri wamempeleka Bujumbura. Siku nyingine, kwamba majalada ni mengi na la kwake halijafika. Mara moja alisema ameandika barua. Kulthumu aliyabeba maneno hayo nyumbani kama yalivyo, bila kuongeza, na Batuli, aliyekuwa anamngoja mlangoni, aliuliza swali lake lile lile: "Amesema nini leo?" Akishaambiwa, alirudi jikoni.

Batuli alipakua sahani nne kila mchana. Ya nne aliifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kabati. Ilikuwa desturi ya nyumba hiyo tangu zamani, mtu aliye safarini huwekewa chakula chake, na hakuna anayekigusa, kwa sababu kula fungu la mtu ambaye atarudi ni kumtakia asirudi. Asubuhi walikitupia kuku. Unga ulikuwa umepanda bei mara mbili. Radjabu aliona ugali mzima ukienda kwa kuku kila siku na hakusema neno, yeye ambaye zamani alilalamikia sukari.

Pascasie alileta mkungu wa ndizi, akauacha mlangoni bila kubisha hodi. Kulthumu aliuona, akauacha pale pale mpaka ukaiva, ukaoza. Batuli ndiye aliyeuondoa.

Luteni aliendelea vizuri. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Mara moja Kulthumu alifikiri mtu aliyefurahi hutoa jibu zuri zaidi, akasema hamsini na tatu wakati ilikuwa hamsini na moja.

"Usiniongezee," alisema Luteni. "Yule wako hakuniongezea."

Tangu hapo akahesabu sawasawa. Alianza kuona vitu ambavyo hakuvitafuta: kwamba Luteni akitazama mpira hakosi, akitazama mahali anapotaka uende hukosa. Kwamba upande wa kushoto ni dhaifu. Angeweza kumwambia. Alinyamaza, akazungusha.

Katikati ya Julai, siku ya Alhamisi, Luteni alipata hamsini na nane. Alipiga wa mwisho kwa upande wa kushoto, mfupi, ukafia karibu na wavu kama alivyotaka, na kwa mara ya kwanza alicheka. Akaja mwenyewe mpaka nyuma ya mstari wa mwisho, raketi chini ya kwapa, anajifuta shingo. Akamwambia Kulthumu kwamba anahama. Kesho anakwenda Bujumbura, hatarudi Rumonge. Nguo azikunje, dereva atazipitia jioni.

Kulthumu alisema sawa. Kisha akauliza swali la siku hiyo.

"Na kijana wangu, Afande?"

Luteni aliacha kujifuta. Aliutazama mfereji wa mbao, ulikuwa mtupu.

"Mama," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Hayupo. Tangu siku ile ile."

"Siku gani?"

"Ya shati."

Upande wa ziwa mtu alikuwa anapigilia mtumbwi misumari. Kulthumu alisikia misumari mitatu ikiingia.

"Saa ngapi?"

"Sijui. Kabla ya saa sita."

"Umejua wakati gani?"

"Jioni ile."

Alifanya hesabu, kwa kuwa alikuwa amezoea kuhesabu. Siku thelathini na sita. Mipira sitini, mara nyingine mara mbili.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ungezungusha?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Kisha akasema mipira wanaweza kuichukua, imeshaisha, haidundi tena. Akaenda zake kuelekea veranda. Kulthumu akachukua kikapu, akaokota. Iliyokuwa karibu na wavu kwanza, kisha ya pembeni, kisha ile miwili iliyokosea ikakwama kwenye waya. Alipohakikisha iko sitini alivuta turubai juu ya mashine, akafunga kamba. Radjabu, aliyekuwa anafagia upande wa pili, alimwona akifunga kamba asubuhi yenye jua, siku isiyo na mvua, akaacha ufagio. Walirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, yeye mbele, mumewe nyuma.

Batuli alikuwa ameshapakua, mtoto tumboni amemjaa hata kuinama ni kazi. Sahani tatu zilikuwa mkekani, ya nne juu ya kabati, imefunikwa. Kulthumu akatua kikapu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa kanga. Kisha hakuketi. Akaenda kwenye kabati, akaishusha sahani ya nne, akaifunua. Akaukata ugali vipande vitatu kwa kiganja, akaweka kimoja kwa Radjabu, kimoja kwake, kimoja kwa binti yake. Ndagala nazo akazigawa, na za Batuli akazifanya nyingi kidogo.

"Kuleni," alisema. "Kitapoa."

Batuli akakiangalia kile kipande kilichoongezeka kwenye sahani yake. Siku hiyo hakuuliza Luteni amesema nini.